Hotuba ya Mtaalamu Pekee wa Greihaundi kwa Wakazi wa Bugolobi

Ndugu Mwenyekiti wa LC1, ndugu katibu wa usalama, mabibi na mabwana wa Bugolobi Flats, na wewe kijana wa boda uliyeingia humu kukwepa mvua: karibuni. Mmeketi mbele ya mtu pekee katika Divisheni nzima ya Nakawa, kuanzia Kyambogo hadi gati la Port Bell, anayejua greihaundi ni mbwa wa namna gani. Cheti sina, kwa kuwa hakuna aliyefikia kiwango cha kunitahini. Shahada nimejitunuku mwenyewe, na sherehe ilifana.

Nimewaita kwa jambo moja: mbavu.

Tangu yule mzungu wa jirani amalize mkataba wake, akarudi kwao na kuniachia greihaundi wake, Balozi, mtaa umenigeuka. Nalongo wa genge anampitishia posho kwenye uzio. Watoto wanammegea chapati. Mlokole mmoja ameniombea hadharani, tena kwa kunitaja jina, ili nipate moyo wa huruma. Najua mnavyofikiri. Hapa kwetu mbwa mwenye mbavu za kuhesabika ni mbwa wa jalalani, anayegombea utumbo wa samaki na ndege kalooli, na mwenye mbwa kama huyo ni bahili. Nawasamehe. Elimu ilikuwa haijawafikia.

Sasa imefika. Greihaundi mwenye afya lazima mbavu zake za mwisho zionekane, pamoja na ncha za nyonga. Kifua chake ni kirefu kwa sababu ya moyo mkubwa, kiuno kimekatika, na mafuta mwilini ni kama hana. Akifyatuka hufikia kilomita 70 kwa saa. Saa kumi na moja jioni, kwenye Barabara ya Jinja, hakuna gari la kumfikia, labda msafara wa waziri. Mnenepesheni, miguu ile myembamba ibebe mzigo ambao haikuumbiwa. Tena mbwa wa kifua kirefu akila akashiba kisha akakimbia, tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, naye akafa kabla daktari hajatoka kwenye foleni. Kwa hiyo Nalongo, posho yako naiheshimu, lakini Balozi anakula kwangu, kidogo kidogo, asubuhi na jioni, dagaa mukene wa kuchemsha, wasio na chumvi wala kitunguu. Kitunguu huharibu damu ya mbwa. Usinitazame hivyo, nnyabo, ni sayansi.

Na asije mtu akaniambia haya ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Mwaka 1937 bwana mmoja Mwingereza, Kenneth Gandar-Dower, alichukua duma 12 kutoka Kenya akawapeleka London kushindana na greihaundi kwenye uwanja wa Romford. Afrika Mashariki nzima iliwakilishwa! Mbio walikuwa nazo, ila kushindana hawakutaka. Duma hufukuza ili ale, na kizungushwe hata kitambaa cha namna gani, akishaona hakiliki, moyo humtoka. Greihaundi atakifukuza hicho kitambaa leo, kesho na keshokutwa. Wapo watakaosema duma ndiye mwenye akili kati ya hao wawili. Hilo lipo nje ya mada.

Mtauliza, mbona bingwa huyu hamjamwona akikimbia? Kwa sababu amelala. Greihaundi hupumzika hadi saa 18 kwa siku, na Balozi ni mchapakazi katika eneo hilo. Katibu wa usalama, ambaye namwona ameinua mkono, aliwahi kuniuliza kama mbwa huyu anabweka. Mzee wangu, swali hilo ni la mtu aliyezoea mbwa wa kufungiwa kibandani mchana na kufunguliwa usiku. Huyu halali nje. Ngozi yake ni nyembamba, na sementi humtia vidonda viwikoni. Hulala kwenye kochi, kochi la watu watatu, peke yake. Mke wangu aliliafiki jambo hilo kwa ukimya, na ukimya wenyewe bado unaendelea.

Ngazi sasa. Mbwa aliyekulia kwenye mabanda ya mashindano huenda hajawahi kuona ngazi, wala kioo cha mlango. Siku ya kwanza Balozi alisimama chini ya ngazi zetu akatetemeka miguu yote minne. Mjinga angemvuta kwa kamba. Mimi nilipiga magoti, nikashika mguu wa mbele wa kulia nikauweka kwenye kidato cha kwanza, nikaushika wa kushoto nikauweka cha pili, nikazunguka nyuma kuisukuma miguu iliyobaki, na nilipofika huko ile ya mbele ilikuwa imesharudi chini. Watu wa ghorofani walisubiri kupita. Baadhi yenu mlipiga picha. Hatimaye nilimbeba, kilo zaidi ya 30, na nataka kumbukumbu za mkutano zionyeshe kuwa kumbeba ni sehemu ya mbinu.

Kuhusu sweta: ndiyo, ni la mtoto, na ndiyo, nilimnunulia kwenye mivumba ya soko la Nakawa. Asiye na mafuta husikia baridi ya mvua za Kampala. Lakini sweta lisianikwe nje kisha livaliwe hivi hivi. Inzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake hujichimbia ngozini. Nalipiga pasi ndani na nje, mishono na kwapa, hata umeme wa Yaka ukibaki yuniti mbili na mashati yangu yakingoja.

Kwa daktari, semeni mapema kwamba ni greihaundi. Chembe nyekundu za damu yake ni nyingi kuliko za mbwa wengine, na vipimo vya kawaida vitamfanya aonekane mgonjwa. Baadhi ya dawa za usingizi humkalia mwilini muda mrefu mno. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, hata kwa mbwa anayelala.

La mwisho ni kamba. Shingo ya greihaundi ni nene kuliko kichwa chake, hivyo kola ya kawaida huivua kwa kurudi nyuma tu. Inatakiwa kola pana inayojibana akivuta. Huyu huwinda kwa macho. Akiona kitu kidogo kinachokimbia, hakusikii tena, hata ukimwita kwa jina lake lote. Kola kama hiyo nimeagiza. Iliagizwa, naomba ieleweke, kabla ya Jumamosi.

Nakaribisha maswali. Swali la Nalongo kuhusu jogoo halitapokelewa hapa, kwa kuwa liko mezani kwa Mwenyekiti, na bei aliyoitaja ni ya mbuzi.