Barua ya Wazi kwa Wapangaji wa Jiji la Dar es Salaam: Maelezo Kuhusu Mkazi Mfupi

Waheshimiwa,

Mtoto wa miaka minne ni mkazi wa jiji mwenye kimo cha kama mita 1. Anapatikana kwa wingi Manzese, Mbagala, Tandale na Gongo la Mboto; Masaki pia yupo, ingawa huko huonekana zaidi nyuma ya vioo vya magari. Kwa kuwa mkazi huyu bado hajaonekana katika michoro ya barabara, vituo na mifereji, maelezo yafuatayo yanaletwa kwenu kwa heshima zote.

Safari zake huanzia mlangoni. Kati ya nyumba na kituo cha daladala pana mfereji usio na mfuniko. Mama huruka kwanza, kisha humpokea mwanawe kutoka kwa dada aliyebaki ng'ambo. Wakati wa masika huitwa baba, maana miguu yake ni mirefu. Ieleweke kwamba familia hapa hufanya kazi ya daraja. Hufanya bila zabuni, na hakuna mgeni rasmi aliyewahi kuja kuikatia utepe.

Ndani ya daladala mtoto hana siti, ana mapaja. Konda akisema "mwenye mtoto apakate", mama hupakata. Mama akikosa siti, mtoto hupakatwa na mtu asiyemjua kabisa, ambaye humuuliza jina, humgawia ubuyu, na kumrudisha kwa mwenyewe akiwa na mdomo mwekundu. Huduma hii ni bora kuliko nyingi zilizomo kwenye mipango ya miaka mitano, na pengine ndiyo sababu haimo.

Usafiri wa mabasi ya mwendokasi, ulioanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, humfurahisha zaidi, ilimradi apate dirisha. Njia hiyo hupita Jangwani. Mto Msimbazi ukifurika, barabara hufungwa, na mtoto hujifunza kabla hata ya kuanza shule kwamba bondeni ni mahali pa maji. Somo hilo lingewafaa pia watu wazima walioamua kuegesha mabasi hapohapo.

Kariakoo huitazama kwa namna yake. Katika kimo chake soko ni magoti, mabeseni, magurudumu ya mikokoteni na pindo la khanga ya mama, ambalo haachii. Njia ya waenda kwa miguu ipo, ila imejaa bodaboda na bidhaa, hivyo mama na mwana hutembea barabarani na magari huwapigia honi kwa kuwashangaa. Kwenye pundamilia, gari husimama mama akiinua mkono. Mkono wa mtoto hauonekani juu ya boneti.

Jumapili humkuta Coco Beach, akila mihogo ya kukaanga isiyotiwa pilipili huku bibi akilinda ndala za ukoo mzima. Siku nyingine za wiki anahitaji mahali karibu na kwao. Mahali hapo pamewahi kuwepo: ramani za zamani za mitaa mingi zinaonyesha viwanja vya wazi. Vingi leo ni fremu za maduka, baa au gereji, na mtoto akipita hapo huambiwa asiguse kitu.

Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inamtambulia haki ya kucheza. Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Waliozaliwa mwaka huo sasa wana watoto wao, na watoto hao wanacheza barabarani, wakipisha kila bodaboda inapopita.

Mhusika hawezi kuleta malalamiko mwenyewe, kwani kaunta za mapokezi katika ofisi zenu zimemzidi kimo. Kwa niaba yake linaombwa jambo dogo: mifereji ifunikwe kabla ya mvua za vuli, na kila kiwanja cha wazi kilichosalia kipimwe, kiwekewe mipaka, na kisiuzwe.