Asante kwa Tusi

Mwingereza akikuambia wewe ni "nice", kabla hujaanza kuchekelea, muulize anatumia kamusi ya karne gani. Neno hilo asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua, likapitia Kifaransa cha kale. Katika Uingereza ya karne ya 14, kuitwa hivyo ilikuwa ni kuitwa mpumbavu. Baadaye likawa mwenye haya, mara mtu wa kuchaguachagua asiyeridhika na lolote. Kuanzia karne ya 18 likapigwa pasi: mzuri, mpole. Wala hakuna aliyeomba radhi. Leo mwagia chai zulia la Mwingereza huyo uone. Atavuta pumzi, alitazame doa, aseme polepole: "Nice." Hapo limerudi kwao.