Mwalimu, Sura ya Pili Unauzaje?

Kariakoo hakuna kitu kisicho na bei mbili, ile ya kutajiwa na ile ya mwisho. Kitenge, chaja, dagaa wa Kigoma, hata kusukumiwa mkokoteni. Mimi nafundisha wanafunzi wa vyuo kuandika, mmoja mmoja, kwenye meza ya plastiki nyuma ya duka la madaftari Mtaa wa Narung'ombe. Kijana wa mwaka wa tatu anaingia, anaamkia kwa adabu zote, anakaa, kisha anauliza sura ya pili ya utafiti wake nauzaje.

"Siuzi, mwanangu. Nafundisha."

"Sawa, mwalimu. Sasa hiyo ya kufundisha, bei ya mwisho?"

Siku hizi wanaletwa na mawinga. Winga, kwa msomaji wangu wa Songea, ni yule kijana asiye na duka anayekudaka Mtaa wa Kongo akuulize unatafuta nini, halafu akupeleke kwenye duka la mwenzake. Zamani walishughulika na viatu. Sasa wakimwona mtu ana begi la kompyuta na sura ya aliyekataliwa na msimamizi wake, wanamkokota hadi kwangu, kisha wanasimama mlangoni wakisubiri ya maji. Nilimweleza mmoja wao kwamba elimu haina kamisheni. Akasema, "Poa mzee, basi nikimpeleka ng'ambo usilalamike."

Ng'ambo ya barabara kuna steshenari. Ukutani wamebandika karatasi: tunachapa, tunatoa kopi, tunabaindi, tunaandika risachi. Hiyo ya nne ina herufi ndogo, lakini nina hakika ndiyo inayolipa kodi ya fremu.

Mzigo wao naujua vizuri kwa sababu ukikataliwa chuoni huletwa kwangu kufanyiwa matengenezo. Binti mmoja alikuja na utafiti wa wafanyabiashara wadogo. Ukurasa wa kwanza ukasema eneo la utafiti ni Manispaa ya Ilala. Nikamkumbusha kwamba tangu Februari 2021 Ilala ndiyo Jiji la Dar es Salaam, manispaa haipo tena. Akasema kwenye ile ya mwenzake imeandikwa hivyo. Tukafunua mbele. Mtafiti, yaani yeye, amewahoji wauza mbogamboga ndani ya jengo la soko kuu, lile alilolichora Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Tarehe ya mahojiano: Septemba 2021. Jengo hilo liliungua usiku wa Julai 10 mwaka huohuo.

"Binti yangu, hawa watu uliwahoji wakiwa wamekaa wapi?"

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo nibadilishe tarehe?"

Halafu kuna Kothari. Sina ugomvi na mzee wa watu, kitabu chake cha mbinu za utafiti hakina ubaya, ila katika mji huu ametajwa kuliko Simba na Yanga zikijumlishwa. Hakuna kazi inayopita mezani kwangu bila Kothari (2004) kuitwa atoe ushahidi wa jambo ambalo hata muuza kahawa angelisema, kwamba data ni taarifa zinazokusanywa. Nyuma yake anakuja Yamane (1967) na kanuni yake ya sampuli. Kanuni ile inataka kwanza ujue jumla ya watu unaowachunguza. Idadi ya wamachinga wa Kariakoo haijulikani hata na mgambo wanaowakimbiza. Kijana anaandika wapo 1,000, anaweka kosa la asilimia 10, anapata 91, anafurahi kama kawapanga foleni akawahesabu.

Na hao 91 nao wamechoka. Kuna mama anauza vitenge karibu na Mtaa wa Uhuru, amejazishwa madodoso hadi amekuwa mtaalamu. Ukimkaribia na karatasi hakuulizi unatoka chuo gani. Anakuuliza, "Mwanangu, leo tatizo letu ni mtaji au kodi?" Ukimwambia mtaji, anakujibu mtaji, na kalamu anakurudishia.

Wa ChatGPT nawapitia haraka. Hawakosei nukta, na ukiwauliza neno la mstari wa pili lina maana gani wanasema mtandao unasumbua.

Ningekuwa nalalamikia wavivu ningekwisha kufunga meza. Wengi wa hawa si wavivu hata chembe. Yupo mmoja anasoma biashara, jioni anauza kava za simu Mtaa wa Aggrey. Nimemsikia akiwa kazini. "Bosi, hii ya 5,000 kona inapasuka, shika mwenyewe uone. Hii ya 8,000 ina mpira pembeni. Najua kule mbele ipo ya 6,000, sikukatalii, lakini ni hii hii ya 5,000 imebadilishwa boksi." Ametoa hoja, ametoa ushahidi, amemjibu mpinzani kabla mpinzani hajafungua mdomo, na mteja ametoa hela. Kijana huyohuyo mpe ukurasa, kwa Kiingereza, aeleze kwa nini wateja huchagua bidhaa ghali. Anaandika kwamba masuala mbalimbali yanahusiana na mambo kadhaa, na ni muhimu yakazingatiwa na wadau husika. Wadau! Hajawahi kumwita mteja wake mdau.

Simlaumu sana. Miaka saba ya msingi alifundishwa kwa Kiswahili, kidato cha kwanza akageuziwa kibao, na tangu hapo amejifunza kujificha nyuma ya maneno marefu ili asiulizwe. Tume ya Makweta ya mwaka 1982 ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili, serikali ikakataa, na ndivyo mimi nilivyopata ajira.

Kinachoniuma ni kwamba Mtaa wa Lumumba upo hapo tu, unafika kwa miguu. Oktoba 25, 1961, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzia pale kwenye jengo la TANU, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na fani moja ya sheria. Wanafunzi hawakufika hata ishirini. Ungetaka kujificha nyuma ya darasa ungejificha nyuma ya nani? Leo msimamizi ana watu wengi hata anawajua kwa namba za usajili, na kijana anamaliza shahada bila mtu kukaa naye juu ya sentensi moja na kumuuliza, hapa ulitaka kusema nini?

Basi mimi huuliza. Muuza kava nilimwambia aweke karatasi pembeni, aniuzie ile sura kwa mdomo, kwa Kiswahili, kama mimi ni mteja mbishi. Aliniuzia mpaka nikakaribia kuingiza mkono mfukoni. Tukayaandika hayohayo, tukayavusha kwenda Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi, kila moja na kazi yake. Kona inapasuka. Mpira unazuia. Wateja 40 kati ya 91 waliwahi kununua ya bei rahisi wakajuta. Na hao 91 safari hii ni watu wa kweli, aliwauzia yeye mwenyewe.

Sura ikarudi na wino mwekundu: si ya kitaaluma.

Nilitaka kupanda mwendokasi nikamwone huyo msimamizi. Kijana akanituliza. "Mwalimu, maksi anatoa yeye." Hapo sikuwa na jibu. Tukakaa tena, tukapachika "imebainika kwamba" mbele ya karibu kila sentensi, tukamwita Kothari asimame mlangoni, ndani tukaacha kona zipasuke vilevile. Ikapita. Pembeni msimamizi ameandika kwamba sasa kijana ameanza kuandika kisomi.

Kijana amenitumia picha ya ukurasa huo akiwa na furaha tele. Kuhusu ada yangu, anasema nivumilie kidogo, bumu la mkopo halijatoka.