Heko, Wimbi la Nchi Kavu

Bahari imesifiwa kwa samaki wake, kwa lulu, kwa upepo wa jioni, hata kwa kuwatenga wapenzi. Sijapata kumsikia anayelisifu lile wimbi linalomfuata abiria nyumbani. Umeshashuka botini Malindi, Unguja, umeshawapita mahamali na madereva teksi wanaoligombea begi lako, umefika kwa wenyeji wako na kukaribishwa kiti. Na kiti, bila adabu yoyote, kinaanza kupanda na kushuka. Hapo watu huguna, hushika ukuta, huomba ndimu wanuse. Wangejua waliyopewa, wangesema ahsante.

Hesabu yenyewe nyepesi. Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam hadi Unguja huchukua kama saa mbili, na nauli umelipia saa mbili hizo hizo. Bahari haina kaunta wala risiti, lakini inakuongezea safari ya kutwa nzima, pengine na kesho yake, bila kukudai senti. Unaoga unasafiri. Unafumba macho kwa ajili ya sabuni, na ukuta wa bafu unakuegemea kama mnajuana. Usiku unapanda samadari ya bibi yako, ambayo haijasogezwa tangu alipoolewa, nayo inang'oa nanga. Taja chombo kingine kinachomsindikiza abiria mpaka kitandani.

Wapo wanaolidharau wimbi hili, na husema kwa sauti ili wote wasikie: "Huyu hajazoea bahari." Ningependa watu hao wakutane na Horatio Nelson. Aliingia jeshi la wanamaji la Uingereza akiwa mtoto, akapanda hadi cheo cha makamu amirali, akawashinda Wafaransa na Wahispania kule Trafalgar mwaka 1805, na maisha yake yote upepo ukikaza alikuwa anatapika. Waingereza walipomjengea sanamu London walimsimamisha juu ya nguzo ndefu ya mawe isiyotikisika. Nashuku hiyo ndiyo zawadi pekee ambayo angeiomba mwenyewe. Naye Charles Darwin alipanda meli ya Beagle mwaka 1831, akaizunguka dunia hadi 1836, na moyo ulikuwa bado unamwelea safari ilipokaribia mwisho. Siku mbaya alilala kwenye kitanda cha kamba akila zabibu kavu. Kwake lilikuwa jambo la ukoo: babu yake, daktari Erasmus Darwin, alikwisha kuandika mwishoni mwa karne ya 18 kwamba aliyekaa majini siku nyingi, akirudi nchi kavu huona chumba na vyombo vyake vikiyumba vile vile kama merikebu.

Tena si kila mtu anastahili kuugua bahari. Ndani ya sikio mna mirija mitatu myembamba yenye maji, na kando yake vijiwe vidogo mno vya chokaa, na kazi yake ni kuuambia ubongo kichwa kinaelekea wapi. Mwaka 1882 William James wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwauliza viziwi wengi kuhusu kizunguzungu, akaona kwamba wale ambao sehemu hiyo ya sikio ilikuwa imekufa waliweza kupita kwenye bahari chafu wasiugue. Watoto wachanga nao husinzia tu mama zao wakihangaika. Kwa hiyo abiria aliyeinamia mfuko, jasho jembamba likimtoka, ametoa ushahidi mbele ya umma kwamba masikio yake ni mazima na uchanga umemtoka. Cheti gani cha hospitali kinasema zaidi?

Na ubongo wenyewe haufanyi ujinga. Ndani ya boti, jicho limekazwa kwenye filamu inayoonyeshwa ukutani na linaapa kwamba tumekaa kitako. Sikio linaapa kwamba tunarushwa. Mwanasaikolojia Michel Treisman alitoa hoja mwaka 1977 kwamba kwa maelfu ya vizazi, macho na masikio vilipogombana namna hiyo, sababu ya kawaida ilikuwa sumu iliyoliwa, na mwili hauna muda wa kuunda tume ya uchunguzi. Unatoa kila kitu. Chapati na maharage vilikuwa havina kosa, lakini afadhali chapati isiyo na hatia itoke kuliko sumu ibaki.

Halafu ubongo hujifunza, na hapa ndipo lilipo jambo ninalolistahi kuliko yote. Ukikaa majini vya kutosha, unaushika mdundo wa mawimbi, unaanza kuutabiri na kuufuta kabla haujakusumbua. Moyo unatulia, unaomba hata chai. Chombo kinafunga gati, bahari inaachwa nyuma, lakini ule utabiri unaendelea, kama mpishi wa harusi anayezidi kupakua pilau wakati wageni wameshakwenda zao. Tunalalamika kwamba watoto wetu husahau masomo wakishatoka tu kwenye mtihani. Hili hapa somo lililokataa kusahaulika, nasi tunalitafutia vidonge!

Haki ya bahari pia ni ya ajabu. Nendeni Pemba wakati wa kusi, Julai hivi, chombo kikiingia mkondo wa Nungwi na kuanza kwenda mrama. Waliolipia VIP wamekaa juu, na huko juu ndiko chombo kinakoyumba zaidi. Aliyelipa kidogo akaketi chini, katikati, ndiye anayebembelezwa. Sijui serikali yoyote iliyowahi kugawa mzigo kwa uadilifu kiasi hicho. Na wakishuka Mkoani, mheshimiwa na hamali huyumba kwa mwendo mmoja, wala hakuna anayeweza kutambua nani alitapikia zulia.

Hapa lazima nishushe tanga kidogo. Kuna watu ambao wimbi hili haliwaagi. Kwa wengi wetu huisha ndani ya siku mbili. Kwa wachache hukaa miezi, hata miaka, na wengi wa hao ni wanawake wa makamo waliopanda meli kwa ajili ya mapumziko tu. Vipimo vya masikio huonyesha hawana tatizo, picha za kichwa vivyo hivyo, na mwisho huambiwa kwamba wana mawazo. Kwa hao sina sifa za kutoa. Mwaka 2014 Mingjia Dai na wenzake wa chuo cha udaktari cha Mount Sinai, New York, walieleza tiba ya kuwaketisha wagonjwa mbele ya mistari inayosogea huku kichwa kikiinamishwa upande huu na huu kwa mdundo wa lile wimbi lao, na wengi walipata nafuu. Yaani yule mpishi wa harusi aliambiwa, kwa lugha yake, kwamba shughuli imekwisha.

Ila wagonjwa hao hao walikwisha kugundua jambo ambalo linanirudisha kwenye sifa zangu. Wakiwa wamekaa kimya, wanayumba. Wakipanda gari likaanza kwenda, wanatulia. Gari likisimama, bahari inarudi. Ina maana kwamba miji yetu ina maelfu ya matabibu wasiotambuliwa, wenye viti vilivyochanika na muziki wa kupasua kichwa. Naomba basi mifuko ya bima ya afya iliangalie hili: nauli ya daladala iingizwe kwenye orodha ya dawa, kutwa mara tatu, njia yenye mashimo ipewe kipaumbele, na konda akiuliza unashukia wapi, mgonjwa awe na haki ya kujibu kwamba hashuki.