Mambo 8 ya Bujumbura ambayo Gitega ijaribu kuyabeba

Tarehe 16 Januari 2019 bunge la Burundi lilipiga kura, na Bujumbura ikaacha kuwa makao makuu ya kisiasa. Cheo kikapanda milima kwenda Gitega. Mji wa ziwani ukabaki na biashara. Mwaka huohuo Indonesia ikatangaza kwamba Jakarta nayo itavuliwa taji na mji mpya utajengwa Kalimantan. Myanmar ilikuwa imekwisha kuihama Yangon, na Watanzania wanaijua hadithi hii tangu 1973, Dodoma ilipochaguliwa.

Basi tufanye ukaguzi. Tunasimama Ruziba, ukingo wa kusini wa mji, kwenye barabara ya Rumonge, ziwa Tanganyika likiwa mkono wa kulia. Kila ajabu la Buja, yaani Bujumbura kwa mkato, linapewa hukumu moja tu: linahamishika au halihamishiki? Usipokubali mpangilio wetu, vizuri sana. Namba zimewekwa ili zigombaniwe.

8. Katikati ya mji bila pikipiki
Jaribu kuifikiria Hanoi au Jakarta bila pikipiki. Huwezi. Bujumbura ilithubutu: Machi 2022 serikali iliziondoa pikipiki, baiskeli na bajaji katikati ya mji. Abiria akashushwa pembeni, miguu ikamalizia safari.
Hukumu: linahamishika. Amri ni karatasi, na karatasi hupanda gari lolote.

7. Jasho lililohitaji kibali
Miji mingine huwabembeleza wakazi wafanye mazoezi. Buja haijawahi kuwa na shida hiyo: wikendi asubuhi makundi yalikimbia barabarani yakiimba, na aliyelala hadi saa mbili aliamshwa kwa nguvu. Watu walikimbia mpaka Machi 2014 serikali ikapiga marufuku mbio za makundi barabarani kwa hoja ya usalama, ikawaelekeza kwenye viwanja maalumu.
Hukumu: linahamishika kwa shida. Gitega ni vilima. Jaribuni kuimba mkipanda, kisha mtuambie.

6. Nchi ya jirani iko karibu kuliko makao makuu
Kwenda Gitega ni kama kilomita 100, tena za kupanda kona baada ya kona kupitia Bugarama. Kwenda Uvira, Kongo, hazifiki 30, barabara tambarare kupitia Gatumba. Usiku ukitulia, taa za Kongo unaziona ng'ambo ya maji bila kuombwa pasipoti.
Hukumu: halihamishiki, labda Kongo ikubali kusogea.

5. Buyenzi
Hapa tutakaa kidogo, maana wasomaji wengi wa Kiswahili hudhani lugha yao hufika Kigoma ikachoka. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili uliokua tangu enzi za Wabelgiji. Barabara zake zina namba badala ya majina, mafundi magari wake wanaheshimiwa mji mzima, na Kiswahili chake hakimwombi mtu radhi. Mwanamfalme Louis Rwagasore alipokuwa akipigania uhuru, Waswahili wa mji huu walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono kwa moyo. Aliuawa hapahapa Bujumbura tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru aliouhangaikia. Tena Khadja Nin, aliyezipeleka nyimbo za Kiswahili hadi Ulaya katika miaka ya 1990, ni mtoto wa Bujumbura, aliyezaliwa 1959. Mombasa na Unguja, mpunguze maringo kidogo.
Hukumu: halihamishiki. Ofisi hufungwa kwenye maboksi, mtaa haufungiki.

4. Mukeke
Kigoma humwita mgebuka. Ni samaki yuleyule, wa ziwa lilelile. Tunajua. Hata hivyo mukeke wa kuchoma wa Buja anamshinda mgebuka wa Kigoma, na hatuko tayari kusikiliza ushahidi.
Hukumu: anahamishika akiwa kwenye barafu. Ladha inashukia njiani, Bugarama.

3. Gustave
Bangkok ina kenge wakubwa bustanini, na watalii huwapiga picha. Buja ina viboko ambao jua likizama hutoka ziwani kula majani pembeni mwa mji, na hakuna anayewaomba picha. Halafu kuna Gustave, mamba wa mto Rusizi aliyepewa jina hilo na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi akimfuatilia miaka mingi. Alikadiriwa kuzidi mita 6, na simulizi humbebesha vifo hadi 300. Waliomtegea mtego mkubwa wa chuma walirudi na filamu ya mwaka 2004, bila mamba. Hollywood nayo ikatoa yake mwaka 2007. Mamba mwenye filamu mbili, na hakuna aliyemtia kamba.
Hukumu: nani atampakia?

2. Jiwe la Mugere
Jirani yetu hapa Ruziba. Kama kilomita 12 kusini mwa katikati ya mji kuna jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Kuna wageni wanaoapa kwamba ndipo walipokutana mara ya kwanza. Sivyo, walikutana Ujiji, na Kigoma wapewe haki yao kwa hili moja. Hapa Mugere walilala usiku mbili tu. Lakini safari yenyewe ilikuwa na kazi: walikwenda kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya ziwa wakaona kwa macho kwamba Rusizi huingia ziwani, hautoki. Hoja ya kwamba mto huo ndio mwanzo wa Naili ikafia hapo.
Hukumu: ni jiwe.

1. Miji miwili, bahari mbili
Mvua ikianguka Ruziba huingia Tanganyika. Maji mengi ya ziwa hupotea kama mvuke; yanayobaki hutokea Kalemie kwa mto Lukuga, hujiunga na mto Kongo na kuishia Atlantiki. Mvua ikianguka Gitega hufuata Ruvubu, Kagera, ziwa Viktoria na Naili, hadi Mediterania. Makao makuu mawili ya nchi ndogo, na kila moja lina bahari yake! Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na kwa kuwa uso wake uko kama mita 770 juu ya bahari, sakafu yake iko mamia ya mita chini ya usawa wa bahari.

Jakarta inazama kwa sababu imenyonya maji ya chini ya ardhi yake. Bujumbura haizami; ziwa ndilo linalopanda. Kati ya 2020 na 2024 Gatumba ilifunikwa mara kwa mara na maelfu ya watu wakapoteza nyumba. Sheria ya maji inataka mita 150 za ufuo ziachwe wazi, na anayejenga ndani ya mita hizo anagombana na ziwa lenye umri wa mamilioni ya miaka.
Hukumu: halihamishiki, na litafika mlangoni kwako lenyewe. Iacheni mita hizo.

Sasa zamu yako. Panga upya, futa, lalamika. Mtu wa Kigoma mwenye neno kuhusu namba 4 aje Ruziba na samaki wake, makaa yapo.