Mada Elekezi: Masihi, Tarehe Zake na Makosa ya Walionitangulia

Mheshimiwa mgeni rasmi ambaye tumeambiwa yuko njiani, wakuu wa meza kuu, mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa. Nimepewa dakika ishirini. Mada ni nzito, nami ni mzito kuliko mada, kwa hiyo dakika tutazitafuta hukohuko mbele. Kwa wasionifahamu, na inasikitisha kwamba mpo, mimi ndiye bingwa wa masuala ya Masihi katika ukanda huu mzima. Ubingwa huo nilisubiri nitunukiwe. Waliohusika wakazembea, nikajitunuku.

Tuanzie chini kabisa, maana naona wengine hamkuja na kalamu. Myahudi anayeshika imani ya mababu zake anamngoja mfalme wa ukoo wa Daudi, binadamu wa nyama na damu, atakayewakusanya waliotawanyika, alijenge upya Hekalu la Yerusalemu, na vita vikome duniani. Mkristo anasema amekwisha kuja, ndiye Yesu wa Nazareti, alisulubiwa, akafufuka, na atarudi. Myahudi anauliza: sasa mbona watu bado wanauana? Mkristo anajibu: hayo ni ya ujio wa pili. Wamebishana hivyo kwa karibu miaka 2000, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuniita.

Mwaka 1263 walikaribia kupata mwamuzi. Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon aliitisha mdahalo mjini Barcelona. Upande mmoja Pablo Christiani, mtawa aliyezaliwa Myahudi akabatizwa; upande wa pili Rabi Moshe ben Nachman. Swali: Masihi amekuja au bado? Rabi akasema manabii waliahidi amani, na dunia imejaa dhulma. Kisha akamgeukia mfalme na kumwambia ingekuwa vigumu kwake na kwa mashujaa wake kama wasingejifunza tena vita. Mbele ya mfalme mwenye upanga! Kwa maelezo ya rabi mwenyewe, mfalme alimzawadia dinari 300. Naomba waandaaji waandike takwimu hiyo, kwa sababu mimi hapa nimeahidiwa soda na nauli. Ni kweli kwamba baadaye rabi alilazimika kuikimbia nchi, lakini hilo tusiliingize kwenye mazungumzo ya posho.

Sasa tarehe, eneo langu. Mwaka 132 Simon bar Kokhba aliongoza uasi dhidi ya Roma, na Rabi Akiva, mwanazuoni mkubwa wa zama hizo, akatamka kwamba ndiye. Mwenzake mmoja alimjibu kwamba nyasi zitamwota mashavuni kabla mwana wa Daudi hajaja. Mwaka 135 ngome ya Betar ikaanguka, na Bar Kokhba akafa. Akiva aliamua kwa moyo, bila kikokotoo. Karne nyingi baadaye Maimonides akaweka kanuni kavu: anayeshindwa au akauawa, siye. Msomi mzuri, ingawa angenufaika na mihadhara yangu.

Lakini hakuna anayenisikitisha kama Shabbetai Zevi wa Izmir. Mwaka 1665 kijana mmoja wa huko Gaza, Nathan, alimtangaza kuwa Masihi, na habari zikatambaa kutoka Yemen hadi Amsterdam. Glückel wa Hameln, mama mfanyabiashara aliyeandika kumbukumbu zake, anasimulia kwamba baba mkwe wake alituma Hamburg mapipa ya nguo na vyakula vikavu, maharage yakiwamo, tayari kwa safari ya kwenda Nchi Takatifu. Septemba 1666 Shabbetai akasimamishwa mbele ya Sultani Mehmed wa Nne huko Edirne, achague kufa au kusilimu. Akavaa kilemba, akapewa jina jipya, cheo cha bawabu wa kasri na mshahara. Mapipa yakabaki Hamburg yanangoja, hadi ikabidi yafunguliwe vyakula visije kuharibika. Hakuna aliyewahi kuwaomba radhi wenye maharage.

Upande wa Wakristo, William Miller, mkulima wa Marekani, alihesabu siku za kitabu cha Danieli, na wafuasi wake wakafikia tarehe 22 Oktoba 1844 kuwa ndiyo siku ya Yesu kurudi. Wapo walioacha viazi ardhini bila kuvuna. Kukapambazuka kama kawaida. Katika mabaki ya majonzi hayo ndimo lilimochipuka kanisa la Waadventista Wasabato, mwaka 1863.

Naona mzee wangu pale nyuma amenyoosha mkono. Shikamoo, mzee. Ndiyo, nafahamu kwamba Rabi Yohanan ben Zakkai alifundisha kuwa ukiwa na mche mkononi ukaambiwa Masihi amefika, upande kwanza huo mche, ndipo uende kumlaki. Hilo ni suala la kilimo, liko nje ya mada. Na ndiyo, nafahamu pia kwamba Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, inawalaani wapiga hesabu za mwisho. Laana hiyo naiheshimu sana, inawahusu waliokosea. Teremsha mkono, mzee wangu.

Kosa lao wote, na huu ndio ugunduzi wangu, ni la kitaalamu: walichagua tarehe ambayo wangekuwapo kuulizwa. Isaac Newton peke yake alinikaribia, aliyeandika kwamba mwisho hautafika kabla ya 2060. Lakini 2060 vijana wa safu hizi za mbele watakuwa hai, na wengine nawaona nyuso zao si za kusahau.

Mwaka wangu ni 2240. Kwamba ndio unaoangukia mwaka 6000 wa kalenda ya Kiyahudi, na kwamba Talmudi ilitaja miaka elfu sita zamani sana, hiyo ni sadfa. Walinitangulia tu kuandika. Maswali yaandikwe kwa mwandiko unaosomeka, yakabidhiwe kwa katibu. Nitayajibu yote mwaka 2241, saa tatu asubuhi, na waandaaji wajitahidi safari hiyo soda ziwe za baridi.