Tai Juu, Kikoi Chini

Glasgow, Jumapili jioni

Dada,

Mwambie Mama dua zake zilifika, ila zilifika mapema. Nilimwambia usaili ni saa nne asubuhi, nikasahau kusema saa nne ya wapi. Saa nne ya Tanga, kwa majira haya ya baridi, huku ni saa moja na nje kiza totoro. Mmeshaitikia amina, mimi bado nakoroma.

Kazi yenyewe ni ufundi wa intaneti: unaingia majumbani mwa watu, unavuta waya wa faibaa, unafunga ruta, unamweleza mwenye nyumba kwa nini picha zinagandaganda. Ufundi sikuuogopa. Kilichonitoa jasho ni kwamba wanaanza kukuhoji kwa simu, nami Kiingereza cha watu wa hapa nakielewa nikiwatazama midomo.

Basi wiki nzima nyumba ikageuka chuo. Ninayeishi naye, kijana wa Goma, alijitolea kuwa mteja mkali. Yeye jikoni, mimi chumbani, ananipigia. "Tangu asubui niko nangoja!" anafoka, na sijamaliza kuomba radhi keshadai pesa zake. Siku ya tatu ulimi ukateleza, nikamjibu kama tunavyojibu kwetu Ngamiani: "Mzee, foleni unaiona?" Akakata simu, akaja mlangoni kuniarifu kuwa nimefeli.

Kuna na herufi. Kwenye simu hutaji herufi hivi hivi, kila moja ina jina lake: A ni Alfa, B ni Bravo, M ni Mike. Huyo Mike ni nani hata apewe herufi nzima? Mimi nilishazoea M ya Muhogo.

Lakini kubwa lililonishinda ni kujisifu. Mshauri wa kazi alinifundisha kila kisa nikipange mafungu manne: hali ilikuwaje, jukumu langu lilikuwa nini, nilichukua hatua gani, matokeo yakawaje. Tena niseme "mimi", nisiseme "sisi". Dada, sisi tulilelewa fundi asifiwe na mteja. Huku usipojisifu, wanaandika hukufanya kitu.

Akaniambia pia nisimame, nivae rasmi na nitabasamu, eti sauti huonyesha. Koti nilipata duka la mitumba. Suruali yake ilikuwa imeshauzwa. Siku ilipofika nilikuwa nimefunga tai juu, kikoi chini, karatasi zimebandikwa ukutani mpaka kwenye kioo cha bafu. Ndiyo, bafuni. Hapo tu ndipo simu inaposhika vizuri. Fundi wa mtandao anautafuta mtandao kando ya choo.

Akapiga mama mmoja, sauti ya upole. Swali la pili tu: nieleze siku uliyomtuliza mteja aliyekasirika. Karatasi zote zikanitoka kichwani, nikajikuta nasimulia habari za yule mzee wa Barabara ya 12. Unamkumbuka? Enzi za analojia, kabla ya ving'amuzi, aliniletea runinga mara tatu, ina chenga tupu, akanitukana mbele ya wanywa kahawa wote. Kumbe kunguru wameiangusha antena yake. Nikataja hali, nikataja jukumu. Hatua: nilimnunulia kahawa na kashata, akapoa, nikapanda paani kwake. Matokeo: aliona mpira.

Kimya. Nasikia kalamu inakwaruza. Kisha akauliza, kwa makini kabisa:

"Hiyo kashata ni kifaa cha kupimia mawimbi?"

Nikamweleza mambo ya karanga na sukari. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

Wananiita tena Alhamisi, saa nane mchana, yaani saa kumi na moja jioni ya Tanga. Mwambie Mama taratibu, arudie alichosikia. Na safari hii ni ana kwa ana, kwa hiyo kwenye dua aongeze na suruali.

Mdogo wako